Maksai Wanne Nisiowafahamu

Didia, Jumatatu, 7 Septemba 1953
Mbiu imepigwa. Serikali inataka maendeleo, na maendeleo yenyewe ni kupunguza ng'ombe. Keshokutwa wanahesabu. Mwenye zaidi ya kumi apeleke wanaozidi mnadani. Mimi ninao kumi na mmoja. Mbuke, mke wangu, anasema tumfiche mmoja, yatosha. Lakini mimi sifanyi mambo nusunusu. Jioni nimewahamishia maksai wangu wote wanne kwenye zizi la jirani Maige, mwenye ng'ombe wawili tu, wamekonda. Simpendi Maige. Ila kakubali bila maswali.

Jumatano, 9 Septemba
Ushindi! Karani kaandika saba. Doa moja tu: maksai mkubwa alitoka kwa Maige, akaja kunilamba shingo mbele ya Mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu. Nikaapa simfahamu, wala wenzake watatu. Mwanangwa akakumbusha kwamba mwenye kuapa uongo hutozwa faini. Nikaapa tena. Nikaongeza kuwa ng'ombe wa Maige hawana adabu.

Jumatatu, 14 Septemba
Balaa! Serikali imeleta plau, jembe la kukokotwa na ng'ombe. Moja kwa kijiji kizima, bure, apewe mwenye maksai wanne. Kitabu kikafunguliwa. Didia nzima ni Maige peke yake! Plau niliyoiota miaka mitatu! Nimekimbia kwake kudai ng'ombe wangu. Kanipa kiti, kanipa uji, kisha kauliza kwa upole:
"Wako tangu lini, ngosha? Si uliapa mara mbili?"
Kwa Mwanangwa siwezi kwenda. Nimemaliza uji, nikarudi.

Alhamisi, 17 Septemba
Nimeshinda mpakani nikimtazama Maige akilima. Roho iliniuma mpaka saa nne hivi. Halafu nikaona jinsi maksai wanavyovuta, mistari imenyooka kabisa. Nani aliyewazoesha nira? Mimi, kwa kuvuta magogo. Wapita njia wanawasifu, nami naitikia. Maige ameahidi kunilimia na mimi, akimaliza kwake, kwa dada yake na kwa shemeji zake watatu. Nimerudi nyumbani nimefurahi.

Jumamosi, 19 Septemba
Mbiu tena. Jumatatu Bwana Shamba anaandika mashamba ya pamba, kila mtu na eka zake. Sababu haikutajwa. Mbuke anasema, "Baba Masele, safari hii tungoje tujue." Kungoja ndiko kunakoirudisha nchi nyuma! Nimeshamwomba Maige shamba langu liandikwe kwa jina lake. Amekubali kabla sijamaliza kueleza, hata akanishukuru.