Tumbo Langu Dhidi ya Kompyuta

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi ametangaza: atakayeifunga kompyuta ya ofisini kwenye sataranji ndiye atakayekaa meza ya kwanza Jumamosi, tutakapocheza na watu wa kiwanda cha mikate. Wachapaji wote wakanigeukia. Si huwa nawaambia kwamba nyumbani naifunga mashine kabla chai haijapoa? Sijawahi kuifunga. Shemeji, kaka wa mke wangu, naye anakitaka kiti hicho. Yeye husoma vitabu vya sataranji. Ushamba.

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi ofisini wakati wa mapumziko. Kompyuta imenila malkia kabla sijakaa vizuri. Nikamweleza karani kwamba nimemtoa makusudi, ni mtego. Akauliza mtego unafyatuka lini. Karani huyu ana maswali mengi. Shemeji naye kafungwa, ila kwa heshima.
Nimepata wazo. Nimeweka kwenye simu programu ya sataranji kali kuliko ile ya ofisini. Mashine zipigane zenyewe. Mimi nitakuwa tarishi tu.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Kila kompyuta iliposogeza kete, nilishika tumbo, nikakimbilia chooni na simu mfukoni, nikarudi na jibu. Msimamizi kasema hajawahi kuona mgonjwa jasiri hivi. Shemeji kaninong'oneza kwamba tumbo langu lina akili kuliko kichwa changu. Wivu. Kiti ni changu. Habari za tumbo zimefika nyumbani kabla yangu; mke wangu kanipikia chakula cha mgonjwa. Hakina hata chumvi.

Ijumaa, 7 Machi
Mke kataka kuona kwa macho yake ninavyoifunga mashine. Nikaishusha ile programu ya simu hadi ngazi ya wanaoanza, nikaifunga kwa jasho. Kapiga makofi, kasema kaka yake atatia akili. Nimetembea kifua mbele mpaka kitandani.

Jumamosi, 8 Machi
Mpinzani wangu: mama wa tanurini, mikono bado ina unga. Nikawa naenda chooni, narudi, nasogeza. Kila safari kete zangu zinapungua. Mama wa watu akauliza kama tumbo linaniuma sana. Nilipompoteza malkia, Shemeji akanifuata hadi mlangoni mwa choo, akaniuliza: shemeji, leo umelilisha nini hilo tumbo, mbona limekuwa jinga? Ndipo nikaitazama simu vizuri. Ngazi ya wanaoanza. Sikuirudisha juu.
Nimefungwa mchana kweupe. Waokaji wamecheka mpaka wakatugawia mikate ya moto. Nimecheka nao, mdomo umejaa. Ilikuwa na chumvi.

Jumapili, 9 Machi
Msimamizi kapita kunijulia hali. Meza ya kwanza sasa ni ya Shemeji, mpaka nipone. Pia kaleta salamu za mama wa tanurini: niende alasiri yoyote nipendayo, atanifundisha sataranji polepole, hana haraka. Mama mwema sana. Lakini muda nitautoa wapi? Nina kazi ya kuweka programu ya pili kwenye simu, ili moja ikikosea nyingine iisahihishe. Marudiano ni mwezi ujao, na tumbo haliaminiki tena. Tangu mchana nimeanza kukohoa kidogo kidogo, watu wazoee.