Saini Yangu Yafika Nyakunguru

Jumatatu, 3 Juni 2019

Nimeshinda dukani kwa Mama Leonida, hapa Turwa. Suti, tai, kalamu ya wino wa buluu. Riwaya yangu, Moyo Haukaguliwi Sirari, imepangwa mezani kama matofali. Sijasaini hata moja. Ameingia mtu mmoja tu, akataka fotokopi. Nikamtolea.

Mama Leonida kasema Jumamosi ndiyo mwisho. Duka lisipojaa, meza yangu anapewa Mwalimu Stanslaus. Stanslaus, mtu wa kijitabu cha ufugaji wa nguruwe! Kwa hasira sijala mchana. Nimekula chapati tu, nne.

Jumanne, 4 Juni

Nimeugundua ugonjwa. Mji mtupu. Duara, lile shimo la wachimbaji, limetema Nyakunguru, watu wote wamekimbilia dhahabu, hata kinyozi wangu kafunga. Stanslaus anashauri tuwangoje warudi. Akili za nguruwe hizo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kesho naenda mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni

Nyakunguru! Watu kama siafu. Nikamwamkia mzee mmoja shikamoo, nikaanza kumsomea sura ya kwanza. Akaniomba nisogee, nimekanyaga kamba ya mwenzake aliye shimoni. Matangazo yangu ya karatasi wameyawashia moto wa chai. Nilitaka kulia.

Ndipo nikaviona. Viroba vya mawe, vimepangwa karashani, penye mashine ya mawe, vikisubiri kusagwa, vyeupe pee! Vina vijina vidogo tu pembeni: Mogesi, Mogesi, Mogesi, na wenzake kibao. Nafasi yote hiyo inapotea bure. Wenyewe walikuwa wamekwenda kula ugali. Nikatoa maka peni, nikaandika mpaka mkono ukafa ganzi: CHRISPIN, MWANDISHI. JUMAMOSI, KWA LEONIDA, TURWA. Chini yake saini yangu, ile yenye mkia mrefu. Mkia umemfunika Mogesi kidogo. Atanisamehe.

Jumamosi, 8 Juni

Wamekuja! Duka limejaa mpaka barabarani, na wote wanalitaja jina langu. Wengine wana sululu. Nikajua ni wasomaji waliotoka kazini moja kwa moja. Stanslaus, aliyekuja kuichungulia meza, katorokea mlango wa nyuma, roho yangu ikasuuzika.

Nikamuuliza wa kwanza nimwandikie nani. Akasema Mogesi. Nikaandika: kwa Mogesi, kwa upendo. Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, viroba vyake nimevinunua lini.

Kumbe machimboni jina lililo kwenye kiroba ndilo la mwenye mawe. Mwenye karasha kagoma kusaga tangu Jumatano. Anasema mawe yote pale ni ya tajiri mmoja anaitwa Chrispin. Tajiri! Nikajisikia vizuri mno, mpaka Mogesi aliponishika tai.

Ikabidi nimwandikie kila mmoja kwamba mawe ni yake, si yangu, na mwenye karasha alikuwa ameagiza saini ileile yenye mkia. Karatasi nyeupe zilikuwa zimeisha dukani. Nikaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa riwaya, nakala baada ya nakala. Kila mtu kaondoka na kitabu kwapani. Meza ikabaki tupu. Aliyelipa hakuna.

Jumapili, 9 Juni

Mama Leonida kanifukuza. Anasema duka lilijaa, ni kweli, ila hakumaanisha sululu. Meza kapewa Stanslaus na nguruwe wake wa karatasi tayari wako juu yake. Imeniuma, sikatai.

Lakini duka lilijaa! Nimesaini mpaka wino umekauka! Mwandishi gani mwingine Tarime nzima kafanya hivyo?

Kosa langu nimeliona, ni moja tu. Viroba vinakaa mahali pamoja. Tangazo linatakiwa litembee. Baada ya ibada, muumini mwenzangu Kezia wa Busawe kaniambia kwao limefunguliwa duka la madaftari, wananipokea. Na wiki hii kuna mnada. Ng'ombe watapita vijiji vyote, weupe, mbavu pana, na wachungaji wao hulala kidogo mchana.

Nimeshanunua rangi. Nimechagua ile isiyofutika.