Jina Ambalo Uriam Hataliomba

Jumatatu, 5 Juni. Abatao.

Uriam amevuka tena. Maji yakipwa tu kwenye mfereji, huyo anakuja kutoka Buota, kijiji cha ng'ambo, suruali kaikunja magotini, tabasamu limemtangulia. Akakaa. Akaisifu mashine ya boti yangu. Nikajua imekwenda! Akasema, ndugu yangu, nimekuja na bubuti. Sasa nani atakataa bubuti ya mtoto wa mama mdogo? Ndugu akiomba, unatoa. Ukikataa, hata kanisani watu watakuachia benchi zima ukae peke yako. Ameondoka na mashine begani. Mwezi uliopita jogoo. Kabla ya hapo shati langu la bluu. Tena limempendeza, hana haya yule!

Habari kubwa. Walimu wastaafu kutoka Hobart wanakuja Julai kutazama ndege wa pwani. Tisa! Wanatafuta pa kulala, wameandika kuuliza. Mimi nina vibanda vinne vya wageni juu ya maji, vitupu tangu Pasaka. Uriam naye ana vyake, vibovu. Teretia, mke wangu, amesema waziwazi: tukiwakosa hawa, anaondoka kwenda kupika kwenye shule kule Bikenibeu, nami nibaki na vibanda vyangu. Hakuwa anatania.

Dawa ni tovuti. Tovuti inataka jina. Jina ni mali. Na mali, Uriam ataiomba! Kwa hiyo sinunui jina kwa msajili yeyote tu wa majina ya tovuti. Nataka msajili mwaminifu, yaani asiye na ndugu huku. Jina likae kwake, mbali, bubuti isikofika. Sijui akili hii nimeitoa wapi.

Jumanne, 6 Juni.

Nimepiga simu kwa wasajili wa Suva. Teretia aliniambia niulize mwaka wa pili bei inapanda kiasi gani, na nikitaka kulihamisha jina wataniruhusu au watanibana. Nikamwambia hayo ni maswali ya watu wasiojua biashara. Nikamuuliza dada wa Suva: bibi yako ni nani?

Akanijibu kwa lugha yetu kabisa! Bibi yake ni wa kisiwa cha Rabi, na mama wa bibi alitoka Tabiteuea. Na mama yangu je? Tabiteuea! Kufumba na kufumbua tumeshakuwa ndugu, na kabla sijapumua kaniomba kome wa kukausha, mfuko mzima, eti anawaota usiku. Nimekubali, ningefanyaje? Nimepiga simu kutafuta jina, nimekata simu nikidaiwa kome.

Nikajaribu Auckland. Mwanamume, sauti ya mbali, nikapata moyo. Kumbe mkewe ni wa Maiana, kisiwa cha jirani zetu. Akamwita aje kwenye simu. Anamfahamu Uriam! Kamwona Krismasi, anasema alivaa shati la bluu zuri sana. Nikakata simu. Teretia alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 7 Juni.

Nimempata! Anaitwa Brendan, yuko Brisbane. Bibi yake alitoka Ireland. Babu yake hamjui. Bora zaidi! Lakini mimi si wa kudanganywa kwa maneno, nikampima. Nikamwambia, Brendan ndugu yangu, nakuomba saa yako ya mkononi.

Akasema hapana.

Nikaomba viatu. Hapana. Nikaomba angalau kofia. Akasema samahani bwana, kampuni hairuhusu, na hata ingeruhusu asingetoa. Jamani! Nimeishi miaka hamsini sijawahi kusikia hapana safi namna ile. Machozi yalinilengalenga. Huyu ndiye mtu wa kumkabidhi mali.

Likabaki jambo moja: jina liandikwe ni la nani. Nikisema la Timeon, yaani mimi, Uriam atamwomba Timeon. Nikisema la Teretia, ndiyo kabisa, maana shemeji yake akitabasamu tu anapewa chakula cha kesho. Nikafikiri. Nikatazama nje dirishani. Bonaventura alikuwa amelala bandani kwake, tumbo juu. Nani ataenda kumpigia nguruwe bubuti? Thubutu!

Mwenye jina: Bwana Bonaventura wa Abatao. Brendan akauliza kama Bwana Bonaventura anayakubali masharti. Nikaupeleka mkono wa simu bandani. Akaguna. Brendan akasema inatosha, lakini angependa siku nyingine azungumze kwa ufasaha zaidi.

Ijumaa, 9 Juni.

Uriam kavuka. Kesho mwanawe wa mwisho anatimiza mwaka, kijiji kizima kimealikwa, na hana nguruwe. Nikacheka moyoni. Mimi nina jina, yeye anahangaika na nguruwe! Nikampa upesi, kamba na yote, maana mtu aliyechukua nguruwe hawezi kuwa na uso wa kuomba kitu kingine. Bonaventura alivuka mfereji kwa miguu yake, hakugeuka hata mara moja.

Nikarudi ndani napiga mluzi. Teretia akaniuliza taratibu, lile jina umeliandikisha kwa nani?

Mluzi ukakatika.

Jumapili, 11 Juni.

Sherehe ya jana ilifana. Maneaba, ukumbi wa kijiji, ilijaa hadi wengine wakakaa nje. Nilipanga nimvute Uriam pembeni nimwambie kuna kosa dogo, lakini nilipofika Bonaventura alikuwa kwenye sinia. Nikaletewa paja. Kukataa ni matusi. Na alikuwa mtamu, sitasema uongo.

Teretia alikula wali mtupu. Akaniinamia akanong'ona kwamba ninamtafuna mwenye tovuti. Nikapaliwa. Mzee wa pembeni akanipiga mgongoni akisema pole, mwanangu, kula polepole, ipo nyingi.

Jumatatu, 12 Juni.

Nimempigia Brendan. Nikamwambia jina libadilishwe liwe langu. Akasema sawa, Bwana Bonaventura aridhie. Nikasema hayupo. Akauliza atarudi lini. Nikasema harudi. Akanipa pole za kweli kabisa, akauliza alikuwa anaumwa? Nikasema hapana, ilikuwa sherehe. Akasema basi ataomba cheti cha kifo.

Nikamlilia. Nikampigia bubuti ya mwisho, ile ya kupiga magoti, ingawa kwenye simu haonekani mtu aliyepiga magoti. Akasema hapana. Ile ile! Safi vilevile! Nilikasirika hadi masikio yakawaka, lakini ndani ya hasira nikaona fahari. Mlinzi gani huyu! Jina lile hakuna atakayelichukua duniani. Hata mimi.

Jumanne, 13 Juni.

Teretia kachoka kusubiri. Kachukua simu yake, kawaandikia walimu mwenyewe: tovuti hatuna, samaki tunao, magimbi ya bwabwai tunayo, na choo kina mlango. Wakajibu papo hapo. Kumbe tovuti hawakuiuliza kabisa, walichouliza ni mlango! Wanakuja. Wote tisa, vibanda vyote vinne!

Teretia aliimba mchana kutwa. Akafua mapazia. Akaniangalia kama alivyoniangalia zamani, nikaona raha. Kisha akasema, naomba sana, Timeon, usiguse kitu chochote. Nikaitikia. Ila nimeona hakusema bubuti.

Jumatano, 14 Juni.

Sikulala kwa furaha, nimepata mpango. Tovuti bado inahitajika, hawa walimu wasije wakatutilia shaka. Jina jipya, msajili yule yule, kwani mwaminifu habadilishwi. Na mwenye jina safari hii ni Uriam! Mtu hawezi kujiomba mwenyewe! Niliipindua kila upande sikuona tundu.

Nikavuka hadi Buota kumtaka ridhaa. Akatia sahihi bila kusoma, anacheka, ananipiga begani, eti sina mfano. Akaomba na nenosiri. Bubuti. Nikampa, si linaendana na jina?

Ijumaa, 16 Juni.

Tovuti iko hewani. Inapendeza! Kuna picha za vibanda vya Uriam, kavipaka rangi, na mwenyewe kasimama mbele na mashine yangu ya boti. Walimu wameandika barua ya heshima sana kwamba wameiona, wamevutiwa, watalala Buota.

Uriam alivuka asubuhi. Amemwomba Teretia akawapikie wageni. Nikasubiri akatae. Alikuwa ameshafunga mzigo. Akaniambia chumvi iko kwenye kopo la maziwa, akavuka bila kuaga mara ya pili.

Nyumba imekuwa kubwa. Sikupenda. Nimekaa mlangoni muda mrefu nikiwasikia wanacheka ng'ambo.

Lakini mtu mwenye biashara hutazama mbele. Uriam atakuwa na wageni tisa, mpishi na boti ya kuendesha. Jioni hii katuma salamu tu, anaomba masufuria. Nimetoa yote. Mtu mwenye shughuli kiasi hicho atapata wapi nafasi ya kuja kuniomba jina langu, lile la kwanza, lililo kwa Brendan? Nimemweza!