Tone la Maji Juu ya Mbao

Jumatatu, 6 Mei

Ewe uliyeliokota daftari hili, nakusihi, funga mlango kwanza. Usisome kwa sauti. Usimwambie mtu hata herufi moja, hasa Bwana Funguo wa stoo. Akijua, kibarua changu kitaota nyasi.

Leo Meneja kaniita. Nikafunga droo yangu kwanza, nikaenda. Kumbe ni lile baraza la mbao nyuma ya ofisi, lisilo na paa, lililogeuka kijivu kwa jua na mvua. Ijumaa Mkuu wa Kanda atapokelewa pale. Mimi nichague cha kulipaka! Likipendeza, Mkuu atatia sahihi palepale barua ya kunithibitisha kazini. Lisipopendeza? Meneja alivua miwani tu.

Kwa nini mimi? Kwenye fomu ya kuomba kazi, penye “ujuzi mwingine”, niliandika “mbao”. Nafasi ilikuwa imebaki.

Bwana Funguo kasikia. Akasema nisijichoshe, dogo, vanishi ziko stoo. Anataka sifa zangu. Wazi kabisa.

Jumanne, 7 Mei

Karakana ya fundi seremala. Hakuacha hata kupiga randa. Akasema rangi itaificha mbao. Vanishi itang'aa mwezi mmoja, kisha jua liibabue, ibanduke kama ngozi iliyoungua. Mbao ya kukanyagwa ipewe mafuta, iyanywe. Ila kwanza niidondoshee tone la maji. Likinywewa, mbao ina kiu, nipake. Likisimama juu, ningoje ikauke. Halafu nipake kidogo, na yanayobaki niyafute, maana mbao ikishiba haimezi tena, inabaki imejaa mdomo.

Nikanunua makopo mawili ya mafuta, nikakariri maneno yake njia nzima. Ofisini nikakumbuka: Bwana Funguo ana funguo za droo zote, yangu ikiwemo! Kisha wazo, la kijasusi hasa. Maagizo nimeyaandika kinyume. Adui akiyaiba, yatamwangamiza.

Tone likisimama, paka. Likinywewa, ngoja. Paka kwa wingi. Usifute.

Jumatano, 8 Mei

Mvua hadi saa nne. Saa sita jua likatoka, nikadondosha tone. Likasimama. Duara, limetulia, linaniangalia. Nikafungua daftari: likisimama, paka. Ahsante, daftari!

Nikapaka. Kwa wingi. Kopo la kwanza lote, na la pili.

Bwana Funguo akatokea mlangoni. Akauliza kama mbao haijalowa mno. Akauliza kama sifuti. Akanyoosha mkono, ana matambara! Nikamwambia, kaka, kila mtu na idara yake. Akasema haya, msomi, akaenda zake. Hujuma za mchana kweupe.

Alhamisi, 9 Mei

Baraza linang'aa. Linanata pia. Nzi wawili wamenasa, mmoja bado anajitahidi.

Nikampigia fundi simu. Akauliza: “Mwanangu, si nilikwambia ufute?” Nikafunua ukurasa wa juzi. Nikaona neno “kinyume”. Nikaketi chini.

Nikajaribu kufuta kwa leso yangu. Leso imebaki huko. Matambara yapo stoo, lakini kuyaomba ni kukiri. Afadhali nife. Nikamwendea Meneja, nikamshauri Mkuu apokelewe ndani, kwa sababu barazani kuna nyuki. Akataka kuwaona. Nikamwonyesha nzi kutoka dirishani. Akavua miwani. Akasema ratiba haibadiliki.

Ijumaa, 10 Mei

Mkuu akaingia barazani. Hatua ya kwanza, salama. Ya pili, kiatu kikabaki nyuma. Meneja akakimbia kumshika, na chake kikabaki. Wakasimama wameshikana, mguu mmoja mmoja juu, kama watu wanaoanza dansi. Barua ikamponyoka Meneja. Ikatua kifudifudi.

Barua yangu! Nikajitupa, nikaivuta. Ikaja nusu: “Tuna furaha kukujulisha kwamba.” Kilichofuata kimebaki kwenye mbao.

Bwana Funguo akaleta ubao mrefu, akautandaza, akawavusha mmoja mmoja. Mkuu akampa mkono na kumwuliza kwa nini kazi hii hakupewa yeye. Meneja akaniambia barua nyingine itachapwa siku baraza litakapokuwa safi. Mpaka hapo niko kwenye majaribio. Miezi mitatu zaidi. Chini ya Bwana Funguo!

Jioni kaniletea kikwangulio na yale matambara. Akachuchumaa, akaanza kukwangua upande wake. Akasema pole, dogo, mbao haina siri, inasema yenyewe ikishiba. Hakucheka hata kidogo.

Hakucheka! Mtu asiyecheka ana jambo. Bila shaka kalisoma daftari hili, na sasa ananizunguka. Lazima niongeze ulinzi.

Kwa hiyo, ewe msomaji mwaminifu, ukitaka kuniokoa, nifikie hivi. Pitia mlango wa mbele. Gonga kwa nguvu. Taja jina langu lote. Ukinikosa, muulize Bwana Funguo. Usikanyage barazani.

Kwa usalama, maagizo haya nimeyaandika kinyume. Isipokuwa moja. Sikumbuki lipi.