Lalamiko la Kuharakishiwa Kesi ya Mlango

Kwa Mheshimiwa Msajili wa Mahakama,

Naushika mkono wako kwa heshima zote, japo ni kwa njia ya karatasi.

YAH: MAHAKAMA YAKO KUTAKA KUIMALIZA KESI YANGU BILA RIDHAA YANGU

Mheshimiwa, mimi ndiye mdai katika kesi ya mlango. Ni fundi makochi, na mtaani wananiita Springi. Sina tabia ya kulalamika hovyo. Nimetembea. Nimeishi katika miji ambayo ukiitaja tu watu wanakaa vizuri vitini, na viti vyenyewe pengine nimevitengeneza mimi. Shule niliiacha mapema, si kwa kushindwa, bali kwa kuwa nilikuwa nimeshaelewa. Ndiyo maana sikuweka wakili. Hati ya madai niliiandika mwenyewe, na karani wako aliponirudishia akidai nimeingiza humo historia ya maisha yangu, niliifupisha kwa moyo mweupe.

Kwa kuwa una majalada mengi, nikukumbushe. Baba yetu alituachia vyumba viwili vya kazi vilivyoshikana, na mlango katikati. Kimoja ni changu. Kingine ni cha kaka yangu mkubwa, fundi saa, ambaye watu wanamwita Dakika. Mlango ule haukuwahi kufungwa. Yeye akitaka mkasi anaingia kwangu, mimi nikitaka kujua ni saa ngapi naingia kwake, maana saa sijawahi kununua, ya nini na kaka ninaye. Kisha akaanza maneno. Mara vumbi la sponji linaingia kwenye saa za wateja, mara nyundo yangu inamfanya aangushe skrubu ndogo kama chawa na kushinda sakafuni akizitafuta. Nikamshauri ahamie mwezini, kule kumetulia. Kesho yake nikaukuta mlango umepigiwa mbao kwa upande wake. Kwa misumari yangu, Mheshimiwa.

Nikafungua kesi nikiomba mlango ufunguliwe. Tangu hapo hatusemeshani. Tukikutana barazani yeye anatazama juu kama mtu anayetafuta mvua, mimi napiga mluzi. Hayo yote si kosa la mahakama. Makosa ya mahakama ni haya yafuatayo:

1. Kesi inakwenda mbio mno. Hakimu wa kwanza, aliyestaafu, alikuwa mtu mwenye subira. Alituelimisha kwamba kuna siku ya kesi kutajwa na kuna siku ya kesi kusikilizwa. Kusikilizwa ni pale watu wanapotoa ushahidi. Kutajwa ni pale kesi inapoitwa jina tu, kama daftari la wanafunzi, ili ijulikane bado iko hai, halafu inapangiwa tarehe nyingine. Mimi hii ya kutajwa niliipenda sana. Mnafika asubuhi, mnakaa kwenye lile benchi la ukumbini, mnasubiri kuitwa.

Benchi lile ni fupi, Mheshimiwa. Sijui kama umewahi kulikalia. Mtu wa mwili wangu akikaa, mwenzake hana budi kumgusa bega. Na kwa kuwa mahakama yako ina benchi moja tu lisiloyumba, mdai na mdaiwa tulikuwa tunakaa pamoja. Halafu siku moja kaka akasema, "Sogea." Neno la kwanza tangu mbao zipigwe. Nikasogea. Tarehe iliyofuata alikuja na chupa ya chai na kikombe kimoja. Akanywa nusu, akakiweka katikati yetu, akatazama dari. Nami nikanywa nikitazama ukuta. Hatukusalimiana, kwa sababu tuko kwenye kesi na sheria tunaiheshimu.

Sasa ameletwa hakimu mpya, kijana msafi mwenye kalamu tatu mfukoni. Huyu haahirishi. Ukisema unaumwa anauliza cheti. Ukisema hujajiandaa anakwambia anza hivyo hivyo. Naomba kuuliza: hivi haki ikicheleweshwa kidogo na wenyewe hatujalalamika, nani anaumia?

2. Usuluhishi. Kabla ya kusikilizwa tulipelekwa kwa msuluhishi, mama mmoja mpole mwenye bakuli la peremende mezani. Alitueleza kuwa yeye hatoi hukumu, ila anatusaidia tukubaliane wenyewe, na yatakayosemwa mle ndani hayatapelekwa kwa hakimu. Nikasema afadhali, maana nilikuwa na ya kusema. Lakini mama yule badala ya kutuacha tugombane akatutenganisha. Kaka chumba hiki, mimi chumba kile, na yeye anatembea katikati kama mpeleka posa.

Akaniuliza, "Unataka nini hasa?" Nikajibu mlango ufunguliwe. Akauliza ukifunguliwa utapata nini. Nikasema nitapita. Akauliza, "Kwenda wapi?" Mheshimiwa, mimi nimeulizwa maswali na maofisa wa forodha wenye mbwa, sikutetereka. Pale nilimumunya peremende mpaka ikaisha. Mwisho nikasema naomba muda nikafikirie. Akaandika kwamba usuluhishi umeshindikana. Nalalamika kwamba haukushindikana. Ulikuwa karibu kufaulu, na mtu anapaswa kuonywa mapema kwamba kuna hatari ya namna hiyo.

3. Hoja zilipangwa vibaya. Hakimu mpya alichukua ugomvi wetu wote, mzito, wa kindugu, akaukamua mpaka zikabaki hoja mbili: kwanza, je, mlango ule ni wa wote wawili, pili, je, mdaiwa alikuwa na haki ya kuufunga. Nikanyoosha mkono nikaomba hoja ya tatu, nani alianza kumnunia mwenzake. Hakimu akasema hiyo si hoja ya kisheria. Nashangaa. Ndiyo hoja pekee ambayo mimi na kaka tulikuwa tumejiandaa nayo. Nilimwona akitikisa kichwa kukubaliana nami, na mdaiwa kukubaliana na mdai si jambo la kupuuzwa.

4. Shahidi. Nilimleta mama yetu mzazi kuwa shahidi wangu. Kumbe na kaka amemwandika yeye yeye kuwa shahidi wake. Mama akaapa, akasimama kizimbani na mkoba wake mkononi, akaulizwa anamtolea ushahidi nani. Akasema, "Wote wawili nimewazaa mimi. Niulizeni kitu cha maana." Hakimu akamuuliza juu ya mlango. Akaeleza kwamba baba yetu aliutoboa ukuta ule makusudi, kwa sababu tulipokuwa wadogo tukilala mle, kila mmoja chumba chake, huyu mmoja alikuwa halali bila kumsikia mwenzake anapumua. Hakimu akauliza yupi kati yetu. Mama akatutazama, akasema amesahau.

Hakusahau. Mama yule anakumbuka bei ya vitambaa vya mapazia ya harusi yake. Nalalamika kwamba hakimu alimwachia aondoke bila kumbana, na mimi nilipopewa nafasi ya kumuuliza maswali, mama aliniambia kwanza nichomekee shati, na mahakama nzima ikangoja nichomekee.

5. Mahakama kuja eneo la mgogoro. Hakimu alisema lazima aone mlango kwa macho yake. Akaja na karani. Nikaagizwa nigonge nyundo kama ninavyogonga siku zote, wakati wao wamesimama kwa kaka wakisikiliza. Sasa mimi nikafikiria zile skrubu ndogo. Nikagonga polepole, Mheshimiwa, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Kaka naye alipoulizwa kama huo ndio ugongaji unaomsumbua, akasema ndiyo, ila leo si mbaya. Karani akaandika yote mawili. Maana yake ni kwamba mimi nimeharibu ushahidi wa mdaiwa na mdaiwa ameharibu wa kwake, na hakuna aliyetuzuia. Mahakama makini ingetuzuia.

6. Sasa nafika kwenye kilio chenyewe. Hukumu imepangwa kusomwa wiki ijayo. Sheria naijua: mimi niliyedai ndiye wa kuthibitisha, na kwa kuwa hii ni kesi ya madai na si ya jinai, silazimiki kuondoa shaka yote, inatosha mizani iniinamie kidogo. Na kwa uzito wangu itainama. Lakini hebu tufuatane taratibu.

Nikishinda, kaka ataamriwa aondoe mbao. Asipoziondoa, nitaomba hukumu ikaziwe, yaani itekelezwe kwa nguvu, atakuja dalali wa mahakama na nyundo, nyundo yenye kelele kuliko yangu, na mlango utafunguka. Nitauona uso wa kaka upande wa pili, umenuna kwa amri ya mahakama. Huwezi kuingia kuuliza saa kwa mtu uliyemletea dalali.

Nikishindwa, mbao zitabaki mpaka mwisho wa dunia, tena kwa baraka za serikali.

Kwa vyovyote vile, kesi ikiisha, benchi limeisha. Kuna tarehe moja nilikuja nachechemea, nilikuwa nimejiangushia fremu ya kochi mguuni. Kaka akautazama ule mguu kwa muda, akaniuliza, "Unauma?" Na mimi mjinga nikamjibu kwamba nitajibu mbele ya hakimu. Nilitegemea kusahihisha jibu lile tarehe itakayofuata, na hiyo tarehe ndiyo mnayotaka kuisomea hukumu. Ana umri kaka yangu. Macho aliyachosha kwenye saa za watu. Mkitumaliza, nitamwona wapi?

KWA HIYO NAOMBA NAFUU ZIFUATAZO:

(a) Hukumu isisomwe. Kama imeshaandikwa, ihifadhiwe mahali pakavu.

(b) Kesi iendelee kutajwa kila mwezi, asubuhi, kwa maisha yetu yote, na ikipendeza mara mbili kwa mwezi wakati wa mvua, kwani biashara huwa ndogo.

(c) Mmoja wetu akitangulia mbele ya haki, kesi isifutwe. Aliyebaki aitwe peke yake na apewe benchi lote.

(d) Mkikataa hayo yote, basi hukumu isomwe nusu tu, na nusu iliyobaki ikatiwe rufaa kabla haijajulikana inasema nini.

(e) Nafuu nyingine yoyote ambayo mahakama itaona inafaa. Hii nimeiweka kwa sababu kila hati niliyoiona inaiweka, nami sitaki kuonekana mshamba.

Nisalimie karani wa masjala, mlinzi wa geti ambaye daima ananikagua kama nimeficha kochi, mama msuluhishi na peremende zake, na hakimu kijana, umwambie sina kinyongo naye, ana kazi nzuri isipokuwa anaifanya.

Wako mtiifu katika madai,

Springi, Mdai
Fundi makochi, chumba chenye mlango usiopitika

NYONGEZA: Mheshimiwa, barua hii niliifikisha dirishani kwa karani. Akaisoma yote, akacheka kwa pua, akaniambia haipokelewi mpaka upande wa pili upewe nakala, kwani mahakama haisikilizi mtu anayemsema mwenzake pembeni. Nikaona ni haki. Nikaipeleka mwenyewe kwa mdaiwa, nyumbani kwake, ambako sikuwahi kukanyaga tangu kesi ianze.

Shemeji alinifungulia, akaniangalia, akarudi jikoni kuongeza sahani. Kaka aliisoma barua amesimama, lenzi yake ya kazini jichoni, kana kwamba maneno yangu ni magurudumu ya saa. Alipofika lalamiko la sita akakaa. Alipomaliza akakunja karatasi vizuri, akaniuliza, "Kwa hiyo muda wote huu ulikuwa unataka kuniona?"

Nikamwambia yeye ndiye aliyenipigia mbao.

Akasema, "Nilipiga mlango wa kati, mdogo wangu. Wa mbele niliupiga lini?"

Mheshimiwa, nimeigeuza hoja hiyo kila upande, nimeitafutia kifungu, sina utetezi. Naomba kuyaondoa mahakamani madai yangu yote, pamoja na barua hii na nafuu zake, isipokuwa salamu. Kuhusu gharama za kesi tumekubaliana kila mtu abebe zake. Chakula ndicho tunachobishania, maana mdaiwa anadai nimekichelewesha, na hajakubali kuahirisha.

Springi