Uzinduzi wa Jiko la Rehema

Mheshimiwa Baba Askofu, ambaye hakufika ila kiti chake kimefika. Waheshimiwa wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa, mwenyekiti wa kwaya, makamu mwenyekiti wa kwaya, na yule anayesubiri mmoja wao ahame. Na nyinyi ndugu zetu maskini, ambao bila nyinyi Kamati yangu ya Uwiano kati ya Ibada na Huduma isingekuwa na ajenda: Bwana asifiwe. (Amina chache. Bakuli tupu zinagongana.)

Nimesimama hapa kwa unyenyekevu, ambao kamati imeupima na kuukuta umefikia asilimia tisini na nne, ili nizindue rasmi Jiko la Rehema, mradi uliopitia mchakato wa miaka sita, semina kumi na moja na upembuzi yakinifu wa swali zito: mwenye njaa aombewe kwanza, au alishwe kwanza? Wapo wajumbe waliosema alishwe. Tuliwaombea. (Kicheko, meza ya wageni waalikwa.)

Maana tukikimbilia uji, roho itadumaa. Na tukikimbilia sala peke yake, watu wataanguka ibadani kwa njaa, jambo lililotokea mara mbili na likaingia kwenye ripoti kama upako. Kwa hiyo kamati, kwa hekima ambayo sipendi kuisifia kwa kuwa ni yangu, imeazimia kwamba kila mlaji afunge siku tatu kabla ya kupewa uji, ili aje na njaa inayokidhi vigezo. (Sauti nyuma: "Sisi tulianza jana, mzee.") Shuhuda zitapokelewa mwishoni.

Yule mama mfuaji nguo aketi, tafadhali. (Haketi. Anasema watu hawajatia kitu tumboni tangu jana.) Mama, naiona kiu yako ya kiroho.

"Siyo kiu, baba. Nataka sufuria."

Ahsante kwa mchango. Jiko hili, wapendwa wadau, litahudumia watu elfu moja mia mbili kwa siku, lina vigae, mabomba manne, na dirisha linalotazama madhabahu, mlaji asije akamsahau Mungu akiwa na tonge mdomoni. Semeni nami: Sala juu! (Juu.) Uji baadaye! (Bakuli zinagongana.)

Kwa kumalizia, namshukuru fundi wa mabango aliyetuchorea jiko zima kwenye kitambaa hiki nyuma yangu. Msiliegemee, rangi haijakauka. Shukrani za kipekee kwa mama mfuaji, aliyetuazima tangu jana sufuria anayowapikia hawa ndugu kila asubuhi mlangoni kwake, ili nasi tuwe na kitu cha kufungia utepe. (Mama amekwisha kuijongelea meza yenye sufuria. Anafungua utepe, anajitwisha sufuria yake, anatoka. Wenye bakuli wanamfuata.)

Mama, sijaukata bado. Basi, wachungaji tuliobaki, tusimame tubariki chakula.