Mkuu wa Reli na Injini ya Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Nimeonewa. Sina neno jingine. Nimeonewa!

Asubuhi, kabla chai haijapoa, mke wangu katangaza kwamba chumba cha nyuma kinatakiwa kiwe kitupu kufikia Ijumaa. Binti yetu anakuja kukaa nasi miezi miwili na mtoto wake mchanga, mjukuu wetu wa kwanza. Nikauliza, na reli yangu je? Akasema reli itavunjwa. Hivyo tu, kama mtu anayesema kikombe kioshwe.

Reli! Miaka ishirini na mitatu ya jasho! Meza ya plaiwudi ndefu kuliko kitanda. Stesheni tatu. Nyumba kumi na nne za maboksi ya viberiti. Miti ya sponji niliyoipaka rangi mmoja mmoja. Na Mlima Mkuu wenye handaki, wa magazeti na gundi ya unga. Kule posta nilikuwa karani wa dirisha la vifurushi, nikifokewa na kila aliyepata usingizi mbaya. Chumba cha nyuma nilikuwa Mkuu wa Reli. Kofia ninayo mpaka leo.

Nikapendekeza mtoto alale chini ya meza, ni mdogo, atatosha. Mke wangu alinitazama, nikamalizia chai yangu.

Halafu likaja la pili. Jumamosi kaka yake, yule kinyozi, naye anakuja kumwona mtoto. Shemeji! Mwizi wa injini ya kijani! Miaka kumi na moja hajakanyaga hapa, na sababu anaijua. Reli tuliijenga pamoja, sikatai. Injini ya kijani, ile ya kutia ufunguo, alinizawadia yeye, sikatai. Lakini siku ile tuligombana nani apulize filimbi ya stesheni, akaondoka amenuna, na jioni ile ile injini haikuonekana. Na ufunguo wake ulikutwa mfukoni mwa nani? Mwake! Eti alisahau kuutoa. Mtu mzima abaki na ufunguo usio na injini, wa kazi gani? Ndiyo maana wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Niliapa mbele ya familia nzima: injini ile ikionekana ndani ya nyumba yangu, nitaibeba kichwani mpaka kinyozini kwake, nipige magoti mbele ya wateja nimwombe radhi. Niliapa kwa raha zangu, maana najua iko kwake.

Sasa binti kasema kwa simu kwamba nikimkaripia mjomba wake mlangoni, yeye na mtoto wanarudi kwao siku hiyo hiyo, na mjukuu nitamwona kwenye picha. Mtoto wangu wa kumzaa! Ananiwekea masharti!

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza kuvunja. Kila skrubu imelia, na mimi nikitaka kulia nayo.

Chini ya Stesheni Kuu nimekuta boksi la kiberiti lenye pamba, na ndani ya pamba jino la utoto la binti yetu. Lo! Jino lile nilimsingizia kuku wa jirani kwamba kalimeza. Nilisimama uani kwa jirani nikadai kuku apasuliwe. Jirani hajanisalimia tangu hapo. Mke wangu kasema niende kumwambia. Nimwambie nini? Kuku mwenyewe kesha kufa.

Ndani ya daraja nimekuta ufunguo mdogo wa kisanduku cha mke wangu, uliopotea miaka kumi iliyopita. Huu nilimsingizia mama mkwe. Sikumsingizia sana. Nilimwomba tu akung'ute mkoba wake, tena wageni walikuwa wachache. Mke wangu kauchukua ufunguo, kaingia chumbani. Nimesikia kisanduku kikifunguka. Halafu nikasikia kicheko. Sikupenda kicheko kile.

Karibu na njia panda ya reli palikuwa na bahasha ya tiketi alizochora binti alipokuwa darasa la pili. Kila tiketi imeandikwa "Baba na mimi, kwenda na kurudi." Nimekaa chini nikazisoma zote, arobaini na kitu. Mke wangu kapita akauliza kwa nini macho yangu mekundu. Vumbi la sponji. Sponji kuukuu ni sumu, watu hawajui.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Balaa limenifika!

Saa nne nikaupasua Mlima Mkuu kwa msumeno. Kuna kitu kikagonga. Nikaingiza mkono handakini. Nikavuta.

Injini ya kijani.

Nimeirudisha. Nimeivuta tena. Bado ilikuwa injini ya kijani.

Akili ikaanza kufanya kazi haraka: kinyozi huyu kaja lini kuificha humu? Nikamulika tochi nipate ushahidi. Ushahidi nikaupata. Mimi nina desturi, fundi anayejiheshimu huwa nayo: kila ninachokijenga nakitia sahihi kwa ndani, kwa penseli. Humo mlimani kumeandikwa, kwa mwandiko wangu wa posta ulionyooka: "Handaki limefungwa leo kwa amri, kwa sababu ya utovu wa nidhamu wa wafanyakazi. Mkuu wa Reli." Na tarehe. Siku ya ugomvi wetu.

Sasa nakumbuka. Alipotoka na hasira zake, mimi na hasira zangu niliziba handaki pande zote mbili ili treni yake isipite tena. Sikutazama ndani. Kwani nani hutazama ndani? Yeye ndiye aliyeiacha treni handakini! Kosa ni la nani hapo? Halafu niliaibishwa miaka kumi na moja na jambo ambalo yeye ndiye chanzo chake.

Kiapo, lakini. Magoti. Wateja.

Sipigi magoti. Nina mpango: injini haikuonekana ndani ya nyumba yangu. Itaonekana kwake. Kesho nitakwenda kunyolewa, niidumbukize kwenye droo yake ya vitana, kisha niigundue mbele ya mashahidi. Nimeitia mafuta, nikajaribu kuzungusha springi kwa koleo, maana ufunguo anao yeye. Imegoma kabisa. Imekufa. Vizuri, maiti haisemi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda. Shemeji kaniona mlangoni, kaacha mkasi hewani. Nilitegemea atanifukuza. Badala yake kaniita shemeji wangu, kanifutia kiti, kawaomba radhi waliokuwa kwenye foleni kwamba huyu ni mkubwa wake, atangulie. Unafiki wa kiwango hiki sijawahi kuuona.

Kanifunika kitambaa mpaka shingoni. Injini nilikuwa nayo mapajani, mkono mmoja juu yake, nikisubiri ageuke. Hageuki! Ananyoa huku anauliza habari za mgongo wangu, za mjukuu, za posta. Upande wa kulia ukaisha.

Ndipo maiti ikafufuka.

Krrrrr! Springi iliyogoma jana imeamua kuitikia leo, chini ya kitambaa. Shemeji kadhani ni mashine yake ya kunyolea, kaizima. Krrrrr! Kachomoa waya ukutani. Krrrrr! Wateja wote wakageuka kunitazama. Kitambaa kikaanza kutembea kwenda magotini. Nikaibana injini kwa mapaja, nikasema ni tumbo, nimekula maharage. Nikainuka na kitambaa chao shingoni, nikatoka mbio.

Nimefika nyumbani na injini, na kitambaa, na nusu ya kichwa imenyolewa. Nusu nyingine ina nywele zote kama zilivyoumbwa. Nimevaa kofia ya Mkuu wa Reli. Nitalala nayo kichwani.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu kaniuliza mbona nakunywa chai na kofia. Nikasema naiaga reli kwa heshima zake. Akasema vizuri, maana kaka yake kapiga simu, ana wasiwasi na tumbo langu, na kesho atakuja na mashine ammalizie shemeji yake upande uliobaki. Tena kaniletea dawa ya tumbo kwa mkono wa jirani. Jirani yule yule wa kuku! Kanikabidhi chupa bila kunisalimia, akaitazama kofia, akaondoka akitikisika mabega.

Wema wa namna hii ni uchokozi.

Mpango mpya. Nimeirudisha injini mlimani, nimeziba kila tundu kwa magazeti mapya na gundi ya unga, na mlima mzima nimempa mzoa taka. Mlima uende jalalani na siri yake. Mkokoteni ulikuwa umefika kona ya pili pale binti yetu aliposhuka kwenye teksi na mtoto mgongoni. Akauona Mlima Mkuu juu ya takataka. Akapiga yowe. Akasema ule ni mlima wake wa utoto, na reli yote ikivunjwa basi mlima ubaki kwa mwanawe. Akamlipa mzoa taka aurudishe.

Uko chumba cha nyuma sasa, kando ya kitanda cha mtoto. Gundi haijakauka.

Mjukuu nimempakata. Ana masikio yangu. Kanishika kidole hakutaka kukiachia, na mimi sikumlazimisha.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji kaja saa tatu. Nimemfungulia mwenyewe, nikamkaribisha kwa meno yote. Binti akanitazama akaridhika. Tukaingia chumba cha nyuma wote. Shemeji kampakata mtoto, kisha katoa kitu mfukoni, kimefungwa kwa leso. Ufunguo wa injini ya kijani. Akasema kautunza miaka yote kwenye droo ya wembe, akitegemea siku moja nitamwita tuendelee kucheza. Akasema sasa apewe mtoto, awe na kitu cha mjomba wa mama yake.

Nikaona aibu. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Krrrrr!

Mlima ulitikisika. Gazeti bichi likavimba, likapasuka, na injini ya kijani ikatoka imelowa unga, ikateremka, ikavuka mkeka polepole, ikasimama kwenye kiatu cha shemeji. Shemeji kainama, kachungulia handakini, kasoma kwa sauti: limefungwa leo kwa amri, kwa sababu ya utovu wa nidhamu wa wafanyakazi.

Mke wangu akatoka, akarudi na karatasi kutoka kisandukuni. Kiapo changu. Kumbe aliniandikisha siku ile na nikatia sahihi! Alikuwa nacho mkononi tangu Jumanne, akisubiri injini ionekane.

Binti akaniangalia, mtoto begani. Nikajua nikitamka neno moja la ujanja, ataanza kufungasha. Nikavua kofia. Nikaiweka injini juu ya kichwa changu, upande wenye nywele, isiteleze. Nikaanza kupiga magoti. Shemeji kanidaka kwapani kabla goti halijagusa mkeka. Akasema magoti ya nini, shemeji, kaa kwenye kiti nimalize nywele. Nikamwambia anisamehe. Sauti ilitoka vibaya, ikabidi nirudie. Alikuwa analia, mimi vumbi la sponji lilinizidi, na alininyoa upande wa kushoto hivyo hivyo. Kanikata sikio kidogo. Sikulalamika.

Tumezungusha injini kwa ufunguo wake mara kumi. Filimbi tumepuliza kwa zamu. Mtoto kacheka, au kacheua, ilikuwa vigumu kujua.

Ufunguo nimeuhifadhi mwenyewe, mahali salama pasipofikiwa na mtu yeyote.

Jumapili, 9 Machi

NIMEIBIWA!

Ufunguo haupo. Mezani haupo, droo haina, kitandani kwa mtoto nimepekua mpaka mtoto kaamka. Nani alikuwa wa mwisho kutoka chumba kile jana? Nani aliuzoea miaka kumi na moja? Nani alilia sana, kuliko kawaida ya mtu asiye na hatia? Kinyozi! Nimemwambia mke wangu wazi: ufunguo ule ukionekana ndani ya nyumba hii, nitautundika shingoni kwa kamba, nitambae kwa magoti mpaka kinyozini, nimwombe radhi yeye, na jirani, na mama mkwe, na kuku marehemu. Hakubisha hata kidogo. Kaniletea karatasi na kalamu, tena kakaa karibu kunitazama nikiandika, na kicheko kile cha Jumanne kimerudi.

Nimetia sahihi. Mwandiko haukunyooka sana, maana kila ninapoinama kuna kitu kigumu kinanichoma kifuani, humu mfukoni mwa shati la jana. Sina muda wa kutazama sasa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na shemeji wangu walimfahamu vizuri sana.